Mwenyewe Hajulikani

Nimepewa maneno sitini.
Kadi ni ndogo, kiganja cha mtoto huifunika,
na mkurugenzi hapendi herufi zibanane.
Basi naanza na yasiyo na ubishi:
"Ngoma. Mbao za pipa, ngozi ya mbuzi, kamba, kabari sita."
Hapo kalamu inakwama.

Daftari la zamani halikukwama.
Karani wa mwaka thelathini na moja,
mwandiko wake wa mlalo, mzuri kama darizi,
aliandika: "Zana ya uchawi. Imekamatwa usiku.
Kielelezo cha mashtaka."
Akaifunga waya shingoni na kibati: 212.
Kibati bado kipo. Mwenye ngoma hayumo daftarini;
wamo askari wanne,
na farasi mmoja, kwa jina lake.

Ghorofani ni vyombo vya baroni.
Kila kijiko kimechorwa herufi za mwenyewe,
hata kikombe kilichokatika mkono kina ukoo.
Huku chini, zilipokuwa seli,
tuna pingu, tuna minyororo, tuna kola ya chuma,
na taa ya bei mbaya inayoziangukia taratibu.
Wanafunzi hupiga picha pingu.

Jumanne moja Dona Esmeraldina alisimama nyuma yao,
mkoba kifuani, akasema
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki:
"Minyororo mmeiwekea mwanga mzuri.
Hiyo mliitengeneza nyinyi.
Tulivyotengeneza sisi viko wapi?"
Mimi, na rangi yangu hii, na beji yangu hii,
sikujua "nyinyi" ile ilinihusu au ilinipita.

Nikamwonyesha ngoma.
Hakulia.
Aliinama, akaikagua ngozi kupitia kioo,
akasonya: "Ana njaa huyu."
Hakusema "hii". Alisema "huyu".

Nikamweleza unyevu: asilimia hamsini, usiku na mchana,
ukizidi kipimo kinapiga kelele.
Nikamweleza glavu. Nikamweleza mafuta ya mawese,
kwamba mafuta ni adui wa ngozi kuukuu.
Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ya kutisha.
Halafu akaweka mikono kwenye kioo,
mikono iliyosokota sigara miaka arobaini ng'ambo ya daraja,
vidole vyenye rangi ya tumbaku isiyotoka tena,
akagonga. Kidogo tu. Tatu, moja, tatu.
Akaiondoa upesi kama aliyeungua:
"Wanawake kwetu hatupigi. Nilikuwa nasikia tu."

Nisidanganye: hakuna kilichotikisika.
Ngoma haikujibu, kipimo hakikulia.
Ila mlinzi wetu Gilvandro, mlokole,
asiyepita chumba hiki bila kunong'ona zaburi,
mguu wake wa kulia uliitikia.

"Ilikuwa ya nani?" nikauliza, kalamu tayari.
Akanitajia jina moja, akanificha la pili.
Honorato, mtengeneza mapipa, babu wa mama yake,
alilazwa siku kumi na tisa humu humu,
seli yenye dirisha la mtoni.
"Na la pili?"
"La pili ni lake na ngoma."

Mkurugenzi anasema simulizi si ushahidi.
Anasema tuandike "inaaminika kuwa".
Kule juu, kwenye vijiko,
hakuna kinachoaminika kuwa.

Nimefuta mara tano.
Kesho asubuhi kadi inakwenda kuchapwa,
na kati ya maneno sitini nimebakiwa na kumi na moja:
"Wenyewe wapo. Huja Ijumaa, wamevaa nyeupe. Waulize.
Kioo hufunguliwa saa tatu."

Hilo la kioo bado sijamwambia mkurugenzi.
Ufunguo ninao mimi.